Peter Oundjian: Vidole vilipogomea fidla, akashika kifimbo na kuongoza okestra

Kwa miaka 14, Peter Oundjian alikaa kwenye kiti cha fidla ya kwanza katika Tokyo String Quartet, kundi la watu wanne lililokuwa miongoni mwa makundi yaliyoheshimika zaidi duniani kwenye muziki wa klasiki. Mwaka 1995 akaondoka. Hakufukuzwa, wala hakuchoka na muziki. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeacha kumtii.

Alikuwa na miaka 39. Wengi wakifikia hapo hubaki kufundisha tu. Yeye akaanza kazi nyingine kabisa, na miaka tisa baadaye alikuwa mkurugenzi wa muziki wa Toronto Symphony, okestra kubwa ya mji aliozaliwa.

Makala hii inaeleza alivyofanya mabadiliko hayo, na kwa nini kutoka kundi la watu wanne kwenda kuongoza watu 80 au zaidi si kupandishwa cheo tu kama wengi wanavyodhani.

Kwa ufupi

- Jina: Peter Oundjian
- Alizaliwa: 1955, Toronto, Canada
- Alikulia: Uingereza
- Kazi ya kwanza: mpiga fidla, Tokyo String Quartet (1981–1995)
- Kazi ya pili: mwongozaji wa okestra (tangu 1995)
- Okestra kubwa alizoongoza: Toronto Symphony (2004–2018) na Royal Scottish National Orchestra (2012–2018)

Kwanza, tuelewane maneno

Kwa Kiingereza, mtu anayesimama mbele ya okestra na kupunga mikono anaitwa kondakta. Huku kwetu neno hilo lina mwenyewe, yule anayekusanya nauli kwenye daladala au matatu. Kwa hiyo hapa tutamwita mwongozaji.

Kwateti ya nyuzi ni kundi la watu wanne: fidla mbili, viola moja na selo moja. Viola ni kama fidla iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi. Selo ni kubwa, inawekwa katikati ya magoti na mpigaji anakaa kwenye kiti.

Kwateti ni sehemu ya muziki wa vikundi vidogo. Zamani muziki huu ulipigwa kwenye sebule na kumbi ndogo za watu wenye uwezo huko Ulaya. Kila sehemu ina mpigaji mmoja tu. Ukikosea unasikika, hakuna wa kukuficha.

Okestra ya simfoni ni kitu kingine. Ina fidla nyingi, viola, selo, besi kubwa, filimbi, klarineti, honi, tarumbeta, tromboni na ngoma. Wapigaji wanaweza kuwa 80, wakati mwingine hata 100.

Alianzia wapi?

Oundjian alizaliwa Toronto mwaka 1955 katika familia yenye asili ya Armenia kwa upande wa baba. Akiwa bado mtoto familia ikahamia Uingereza, na huko alianza kujifunza fidla akiwa na miaka 7.

Alisoma Royal College of Music jijini London, kisha akavuka bahari kwenda Juilliard, New York. Hapo alipita kwenye mikono ya walimu ambao kwa mwanafunzi wa fidla ni ndoto: Ivan Galamian, Dorothy DeLay na Itzhak Perlman.

Kuna jambo moja la wakati huo ambalo baadaye lilikuja kuwa na maana kubwa. Pamoja na fidla, alichukua pia uongozaji kama somo la pili. Na Herbert von Karajan, ambaye wakati ule alikuwa bosi wa Berlin Philharmonic na mmoja wa waongozaji maarufu kuliko wote duniani, alimwona katika darasa la wazi na kumtia moyo aendelee.

Hakuendelea, kwa wakati ule. Fidla ilikuwa inamlipa. Mwaka 1980 alishinda mashindano ya kimataifa ya fidla ya Viña del Mar nchini Chile, na mwaka uliofuata simu muhimu ikaja.

Miaka 14 na Tokyo Quartet

Tokyo String Quartet ilianzishwa mwaka 1969 na vijana wa Kijapani waliokuwa wakisoma Juilliard. Mwaka 1981 fidla wa kwanza, Koichiro Harada, aliondoka. Nafasi yake akapewa Oundjian, kijana wa miaka 25 ambaye hakuwa Mjapani.

Hebu fikiria hali hiyo. Wenzako watatu wamekuwa pamoja kwa miaka, wanaelewana kwa jicho tu. Wanafanya mazoezi kwa Kijapani. Unaingia wewe, na unapewa kiti cha mbele. Lugha ya mazoezi ikabidi ibadilike kuwa Kiingereza.

Kundi hilo lilizunguka dunia. Lilirekodi kwateti zote za Beethoven, kazi ambayo kwa wapigaji wa nyuzi ni kama kupanda Kilimanjaro: kwateti 16, pamoja na kipande kigumu kinachojitegemea kiitwacho Grosse Fuge. Wakati huo huo Oundjian alikuwa akifundisha katika chuo cha muziki cha Yale, kuanzia mwaka huo huo wa 1981.

Maisha ya kwateti yana utaratibu wake. Hakuna bosi. Fidla wa kwanza hupewa sauti kuu mara nyingi na ndiye anayetoa ishara ya kuanza, lakini uamuzi hufanywa na wote wanne. Kipande kimoja kinaweza kujadiliwa kwa wiki nyingi: hapa tupunguze kasi au tusipunguze, upinde uanze juu au chini, nani apishe nani. Wakati mwingine wanabishana sana. Lakini wakipanda jukwaani, wanapumua pamoja.

Ni kazi ya mikono na masikio, kila siku, kwa miaka. Na mikono ndiyo iliyoanza kuleta shida.

Distonia: Ugonjwa unaochagua kazi

Tatizo lililomkuta Oundjian linaitwa distonia ya sehemu moja ya mwili. Kwa wanamuziki mara nyingi hushika vidole, na kwa wanaopuliza tarumbeta au honi inaweza kushika midomo.

Wengi hudhani ni misuli kuchoka. Hapana. Chanzo kiko kwenye ubongo, katika mfumo unaopanga mijongeo midogo ya mwili. Kidole kinajikunja chenyewe, au kinanyooka wakati hukukiambia kinyooke. Mara nyingi hata hakiumi.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba ugonjwa huu huchagua kazi. Mtu anaweza kufunga vifungo vya shati, kula na kuandika bila shida yoyote. Akishika chombo chake cha muziki tu, vidole vinagoma.

Hukadiriwa kwamba mwanamuziki mmoja hivi kati ya 100 wanaofanya kazi hiyo kama ajira hupata tatizo hili. Kazi inayorudia mijongeo midogo na ya haraka kwa saa nyingi ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa nalo. Zipo tiba zinazosaidia, zikiwemo sindano za kulegeza misuli na kuufundisha mkono upya, lakini hakuna dawa ya uhakika inayolimaliza kwa kila mtu.

Kwa mpiga fidla, mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Kidole kikiteleza kwa upana wa unywele, sauti inaharibika. Kwenye okestra wapo wenzako 15 wa kukufunika. Kwenye kwateti, tena kwenye fidla ya kwanza, haiwezekani.

Mwaka 1995 Oundjian akaachia kiti. Kundi liliendelea bila yeye na wapigaji wengine hadi lilipostaafu mwaka 2013.

Siku ya kwanza na kifimbo

Mwaka huo huo wa 1995 alisimama mbele ya okestra kama mwongozaji kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kwenye tamasha la Caramoor katika jimbo la New York. Okestra ilikuwa Orchestra of St. Luke's.

Kuna bahati moja ndani ya mkosi wake. Kwa kawaida mwongozaji hushika kifimbo kwa mkono wa kulia, na mkono huo ndio unaoonyesha mapigo. Mkono wa kushoto huonyesha mengine: ongeza sauti, punguza, ingia sasa, ngoja. Hauhitaji kidole kimoja kimoja kutua mahali sahihi kwenye uzi. Kwa kuwa distonia huchagua kazi, mkono uliokataa fidla haukuwa na sababu ya kukataa uongozaji.

Kuanzia 1997 hadi 2007 alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa tamasha hilo la Caramoor. Kuanzia 1998 hadi 2003 aliongoza Amsterdam Sinfonietta nchini Uholanzi. Hapa alichagua vizuri, kwa sababu hilo ni kundi la nyuzi la ukubwa wa kati, si watu wanne na si watu 90. Ni kama dereva aliyetoka kwenye pikipiki, akapita kwanza kwenye gari dogo kabla ya kupewa basi.

Mwongozaji anafanya nini hasa?

Swali hili huulizwa sana, hasa na wanaoona tu mtu anapunga mikono huku wengine ndio wanaotoa jasho. Ukiwahi kuimba kwaya unajua nusu ya jibu. Nusu nyingine ni hii:

1. Anaonyesha mapigo kabla hayajafika. Mkono wake uko mbele ya sauti kidogo. Akingoja asikie ndipo aonyeshe, amechelewa na okestra nzima itavutwa nyuma.

2. Anasawazisha sauti. Mpiga tromboni hasikii anachosikia mtu wa filimbi. Anayesikia picha nzima, angalau karibu na anavyoisikia mtazamaji, ni mwongozaji.

3. Anaamua. Kasi, nguvu, hisia, wapi pa kupumua. Nota zimeandikwa, lakini haziandiki kila kitu.

4. Anatumia muda vizuri. Hili ndilo watu hawalioni. Kwateti inaweza kukaa na kipande kimoja miezi. Okestra kubwa mara nyingi hupata siku tatu au nne za mazoezi, kisha onyesho. Saa ikiisha, wapigaji wanasimama na kuondoka, na wana haki hiyo kwa mkataba.

Alichobeba kutoka kwateti

Miaka 14 ya kukaa watu wanne haikupotea. Ilimpa vitu ambavyo mwongozaji aliyeanzia kwenye piano au darasani huvitafuta kwa muda mrefu.

Cha kwanza ni sikio. Kwenye kwateti unapiga sehemu yako huku unasikiliza tatu za wenzako kwa wakati mmoja. Usipofanya hivyo kundi linaanguka.

Cha pili ni nyuzi. Zaidi ya nusu ya watu kwenye okestra ya simfoni hupiga vyombo vya nyuzi. Mtu aliyeshika fidla maisha yake yote akisema "tumieni ncha ya upinde, karibu na ubao wa vidole", wapigaji wanajua anasema nini na sauti gani itatoka. Hahitaji kuhubiri.

Cha tatu ni Beethoven, Mozart na Haydn. Watunzi hao waliandika kwateti na simfoni pia. Aliyeishi ndani ya kwateti za Beethoven anaijua tayari akili ya yule aliyeandika simfoni zake tisa.

Alichopaswa kujifunza upya

Kwa upande mwingine, kazi ilikuwepo.

Kitabu cha nota cha kwateti kina mistari minne. Cha simfoni kubwa kinaweza kuwa na mistari zaidi ya 20 kwenye ukurasa mmoja, na yote inasomwa kwa pamoja. Halafu kuna vyombo kama klarineti na honi ambavyo nota iliyoandikwa siyo sauti inayotoka. Mwongozaji lazima afanye hesabu hiyo kichwani papo hapo.

Kuna pia wapuliza vyombo. Mpiga fidla anaweza kuvuta upinde kwa muda mrefu. Mpuliza honi anahitaji pumzi. Mwongozaji asiyejua hilo atampa mtu sentensi ndefu kuliko mapafu yake.

Na kubwa kuliko yote: mwongozaji hatoi sauti yoyote. Kwa mtu aliyezoea kubonyeza uzi na kuisikia sauti hapo hapo kwenye shavu lake, hili ni geni. Sasa anaonyesha, na sauti inatoka kwa mtu mwingine aliye mita kadhaa mbele.

Hata namna ya kuelewana inabadilika. Kwenye kwateti ukitofautiana na mwenzako mnajadiliana. Mbele ya watu 90 huwezi kufungua mjadala kwa kila mstari, saa tatu za mazoezi zingeisha kabla ya ukurasa wa pili. Lakini ukiamrisha tu bila kusikiliza, wapigaji wenye uzoefu wa miaka 30 wanakupuuza kimya kimya. Wanafuata nota, hawakufuati wewe. Watazamaji hawatajua, ila wewe utajua.

Toronto: Okestra iliyokuwa hoi

Mtihani mkubwa ulikuja nyumbani. Toronto Symphony, iliyoanzishwa mwaka 1922, iliingia miaka ya 2000 ikiwa katika hali mbaya ya fedha. Mwaka 2001 ilikaribia kufilisika. Mwaka huo huo mkurugenzi wake wa muziki, Jukka-Pekka Saraste kutoka Finland, aliondoka.

Mwaka 2003 Oundjian alitangazwa kuwa mrithi, na akaanza kazi rasmi mwaka 2004. Hakuwa jina kubwa kama waongozaji wa Berlin au Vienna. Alikuwa na miaka tisa tu ya uongozaji. Lakini alikuwa mtoto wa Toronto, na alikuwa mtu anayeongea vizuri na watu.

Hilo la kuongea lina uzito kuliko linavyoonekana. Huko Amerika Kaskazini, okestra nyingi hutegemea sana wafadhili binafsi na tiketi. Mkurugenzi wa muziki hapungi kifimbo tu. Anapanga msimu mzima, anakaa kwenye usaili wa wapigaji wapya, na anakula chakula cha jioni na wenye pesa. Yaani kwa namna fulani anatembeza bakuli, ila akiwa amevaa suti.

Siku za kwanza za kazi yake Toronto zilirekodiwa kwenye filamu ya hali halisi iitwayo *Five Days in September*, iliyotoka mwaka 2005. Kwenye miaka yake pale alianzisha tamasha la muziki mpya la New Creations, pamoja na tamasha la kila mwaka la Mozart. Hapo alicheza pande zote mbili: Mozart kwa wanaopenda wanachokijua, na watunzi walio hai kwa wanaotaka kusikia jambo jipya.

Alikaa miaka 14, hadi 2018. Ni idadi ile ile ya miaka aliyokaa na Tokyo Quartet.

Kwingineko alikopita

Detroit, Marekani (2006–2010): Alikuwa mwongozaji mgeni mkuu wa Detroit Symphony. Inavutia kwamba aliyewahi kushika nafasi hiyo kabla yake, kuanzia 2001 hadi 2005, ni mwalimu wake wa fidla, Itzhak Perlman.

Glasgow, Scotland (2012–2018): Alichukua uongozi wa Royal Scottish National Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1891, baada ya Stéphane Denève. Kwa miaka sita alikuwa na okestra mbili kubwa kwa wakati mmoja, moja kila upande wa bahari ya Atlantiki.

Colorado, Marekani: Mwaka 2019 akawa mkurugenzi wa muziki wa Colorado Music Festival katika mji wa Boulder. Mwaka 2022 akawa mwongozaji mkuu wa Colorado Symphony ya Denver.

Si yeye peke yake

Njia hii wamepita wengine, kila mmoja kwa sababu zake.

Neville Marriner wa Uingereza alikuwa fidla wa pili kwenye Martin String Quartet, na pia alipiga London Symphony Orchestra. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianzisha kundi dogo la Academy of St Martin in the Fields, akiliongoza huku amekaa na fidla yake. Kundi lilipokua, mwongozaji Pierre Monteux alimfundisha kazi ya kusimama mbele. Kuanzia 1979 hadi 1986 Marriner aliongoza Minnesota Orchestra ya Marekani. Kama umewahi kutazama filamu ya *Amadeus* ya mwaka 1984, muziki uliousikia ameuongoza yeye.

Nikolaus Harnoncourt wa Austria alikuwa mpiga selo wa Vienna Symphony kuanzia 1952 hadi 1969. Mwaka 1953, yeye na mkewe Alice, mpiga fidla, walianzisha Concentus Musicus, kundi dogo lililotumia vyombo vya enzi za Bach. Kutoka hapo akaja kuwa mmoja wa waongozaji waliobadilisha namna dunia inavyopiga Mozart na Beethoven.

Leon Fleisher wa Marekani ndiye anayefanana zaidi na Oundjian, ingawa yeye alipiga piano. Katikati ya miaka ya 1960 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja, tatizo lile lile la distonia. Akageukia kufundisha, kuongoza na kupiga vipande vilivyoandikwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Miaka ya 1990 sindano za kulegeza misuli zikamsaidia, na mwaka 2004 akatoa albamu aliyoiita *Two Hands*, yaani "mikono miwili". Alifariki mwaka 2020.

Marriner na Harnoncourt walivutwa na muziki mkubwa zaidi. Fleisher na Oundjian walisukumwa na ugonjwa. Lakini Marriner, Harnoncourt na Oundjian walifika wakiwa tayari wamejifunza jambo moja kwenye makundi madogo: kusikiliza kabla ya kuongoza.

Maswali yanayoulizwa sana

Je, okestra inaweza kupiga bila mwongozaji?
Ndiyo, hasa ikiwa ndogo. Orpheus Chamber Orchestra ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1972, imejulikana kwa kufanya hivyo. Lakini inahitaji mazoezi mengi zaidi, maana kila uamuzi unajadiliwa kama kwenye kwateti.

Kifimbo ni lazima?
Hapana. Pierre Boulez, mwongozaji na mtunzi wa Ufaransa, alijulikana kwa kuongoza kwa mikono mitupu. Kifimbo husaidia tu mapigo yaonekane hata na mtu wa ngoma aliyekaa nyuma kabisa.

Je, kila mpiga fidla mzuri anaweza kuwa mwongozaji?
Hapana. Kupiga vizuri kunakupa heshima kwa dakika za mwanzo. Baada ya hapo wapigaji wanaangalia kama mkono wako unaeleweka na kama unachosema kinaifanya sauti iwe bora.

Miaka 39 si umechelewa?
Kwenye fidla ungekuwa umechelewa mno. Kwenye uongozaji la. Hii ni kazi ambayo watu huifanya hadi miaka ya 80 na zaidi, kwa hiyo aliyeanza karibu na 40 bado ana miongo kadhaa mbele yake.

Ukitaka kusikia tofauti mwenyewe

Huhitaji ukumbi wala tiketi. Tafuta mtandaoni rekodi ya Tokyo String Quartet ya mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikipiga Beethoven, kisha tafuta Toronto Symphony chini ya Oundjian. Vaa spika za masikioni, za simu hazitoshi kwa sababu zinakata sauti nzito za selo na besi.

Kwenye ya kwanza, fuata fidla ya juu: huyo ndiye yeye. Kwenye ya pili usimtafute, hayupo kwenye sauti yoyote. Sikiliza badala yake nyuzi zinavyoanza na kumaliza pamoja, na filimbi inavyosikika bila kulazimika kupiga kelele. Hiyo ndiyo sehemu yake.